Bomu lina saa, sumu ina safari

Karibu kila kijana anayeniletea skripti hapa Lamu huifungua kwa namna ileile: usiku, kichochoro cha Mkomani, mtu anakimbia, muziki unapiga kelele, kisu, damu, giza. Kama mhariri wa filamu, onyesho hilo halinipi cha kufanyia kazi. Mtazamaji atashtuka, basi. Hamjui anayekimbia wala anachokikimbia, sasa amwogopee nani? Kumficha mtazamaji kila kitu kunamchanganya tu. Taharuki humwingia pale anapojua jambo moja ambalo aliyemo hatarini halijui.

Ninaowafundisha huwa nawaanzishia Touch of Evil ya Orson Welles, filamu ya mwaka 1958. Tunaona kwanza mikono ikitega saa ya bomu. Bomu linatiwa kwenye buti ya gari, mwanamume na mwanamke wanapanda, gari linaondoka. Shoti hiyo, yaani picha moja ya kamera isiyorukia nyingine, inaendelea kwa zaidi ya dakika tatu bila kukatwa. Gari linapenya katika mji ulio mpakani mwa Meksiko na Marekani, linasimama kupisha watu, linazuiwa na mbuzi. Mume na mke wanaotembea kwa miguu wanaandamana nalo, wanaachana, wanakutana nalo tena. Kwenye kituo cha mpakani, mwanamke aliyemo garini analalamika kuwa anasikia tik-tik kichwani. Hakuna anayemjali.

Kutokata ndiyo kazi yenyewe hapo. Mhariri akikata, mtazamaji hupumua, maana anajua muda unaweza kurukwa. Welles alimnyima pumzi hiyo: dakika za bomu ndizo dakika zake yeye aliyeketi kitini. Shoti inakatika mlipuko unapolia.

Sauti nayo ina kisa chake. Studio ilibandika majina ya waigizaji juu ya shoti hiyo na kuitandikia muziki wa Henry Mancini. Welles alikuwa ameiandikia studio barua ya kurasa 58 kuhusu filamu yake, na mwaka 1998 mhariri Walter Murch aliihariri upya kwa kuifuata barua hiyo. Majina yakaondoka, muziki wa Mancini ukapisha redio ya gari na ngoma za vilabu vya barabarani. Muziki ule ni mtamu, sikatai, lakini ulikuwa umefunika kitu cha thamani zaidi: ukisikia redio inasogea, umejua bomu linasogea.

Mji wetu wa kale hauna magari, kwa hiyo darasani tulijaribu punda. Mkono unamimina kitu katika chupa ya dawa, unaifunga, unaitia kikapuni. Kijana asiye na habari anapakia kikapu juu ya punda, anatoka mtaa wa Langoni kwenda Mkomani kwa bibi mgonjwa. Vijana wakaiga mbuzi wa Welles: punda wengine wakaja na shehena ya mawe, kichochoro kikaziba. Tukaitazama. Hofu haikuwapo.

Sababu ni kwamba bomu lina saa. Kila kizuizi kinawaongezea abiria muda wa kukaa nalo, na moyo wako unadunda. Sumu haina saa, ina safari. Punda akikwama, bibi amesalimika kwa dakika mbili zaidi, nawe unastarehe.

Basi njia ikabidi iwe nyeupe. Wazee wa barazani wanakunja miguu punda apite. Jirani anampokea kijana kikapu: "Lete mwanangu, nikusaidie." Wema wa kila mtu unaisukuma ile chupa mbele, na mtazamaji anatamani mmoja wao tu awe mkorofi. Kuchelewa tunakuweka baada ya hodi, chupa ikiwa tayari imefika ndani. Bibi anataka maji kwanza. Anauliza habari za mama. Anatafuta kijiko. Pale ndipo pa kutokata, na muziki sitaki hata chembe.

Wamebishana sana kama bibi anywe au asinywe. Mimi ningeleta jina la filamu kwenye skrini kabla hilo halijajulikana, kisha onyesho la pili lianzie kwa yule aliyeimimina, akiwa sokoni ananunua samaki kama kawaida. Hapo mtazamaji atamsaka usoni jibu ambalo bado hatujampa.