Kitabu cha gari kwa bei ya gari: dhana potofu na ukweli

Mwaka 2018 kampuni ya Taschen ilitoa kitabu kikubwa cha Ferrari ndani ya kasha la alumini lililobuniwa na Marc Newson, umbo lake likikumbusha injini. Zilichapwa nakala 1,947, kuukumbuka mwaka 1947 lilipotoka gari la kwanza lenye jina la Ferrari. Zile 250 za mwanzo ziliuzwa dola 30,000 kila moja. Kwa hela hiyo, Dar es Salaam au Nairobi, mtu anatoka yadi na gari na chenji anabaki nayo. Ndiyo maana wengi wanaamini kuwa vitabu ghali vya magari ya spoti ya zamani ni mapambo ya sebule za matajiri. Vingine ni hivyo kweli. Lakini vile vinavyogombewa na mafundi, wanunuzi wa magari na nyumba za minada, mara nyingi havina hata jalada la kuvutia.

"Bei ni ya picha"

Picha nzuri zimejaa kila mahali, tena bure. Kinacholipiwa ni kurasa za nyuma ambazo mgeni hazifungui: majedwali ya namba za chasisi, injini na giaboksi, misimbo ya rangi, tarehe zilizopigwa muhuri kwenye vyuma, orodha ya nchi ambako kila gari lilipelekwa.

Chukua Porsche Carrera RS 2.7 ya mwaka 1973. Kiwanda kilitakiwa kutengeneza magari 500 ili kipate kibali cha mashindano, lakini soko lilikuwa na njaa, zikatoka 1,580. Kati ya hizo, 1,308 ni Touring, msimbo M472, zenye mazulia na viti vya kawaida. Sport, yaani zile nyepesi za msimbo M471, ni 200 tu. Za mbio, M491, ni 55, na 17 zilizobaki ni za muundo mtupu wa kupatia kibali. Sasa vua mazulia ya Touring, weka viti vyepesi, badilisha vitasa vya milango: kwa macho umepata Sport. Bei za hizo mbili zimeachana mbali sana, na hapo ndipo ujanja unapoingia.

Kitabu cha Thomas Gruber na Georg Konradsheim kuhusu gari hili, kilichotoka mwaka 1992, kilipata jina hasa kwa kazi ya kufichua ujanja huo. Mkaguzi anasoma namba ya chasisi, ile inayoanza na 911360, kisha anashuka na kidole kwenye jedwali. Namba ikiangukia Touring, hakuna kiti wala kitasa kitakachoigeuza. Ikiangukia Sport, kazi haijaisha: anaangalia kama namba ya injini inalingana, na kama vioo ni vile vyembamba vya Glaverbel ya Ubelgiji au vimebadilishwa njiani. Mtu anayekaribia kulipa mamia ya maelfu ya dola haoni tabu kununua kitabu cha dola elfu moja au mbili.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "kina kurasa ngapi". Fungua mwisho wa kitabu. Kama hakuna majedwali, hakuna michoro ya vipuri wala picha za karibu za namba zilizogongwa, umeshika albamu. Albamu si dhambi, ila ilipiwe bei ya albamu.

"Vitabu vikitofautiana hesabu, kimoja ni cha uongo"

Si lazima. Ferrari 250 GTO utaikuta idadi yake imeandikwa 36 kitabu hiki, 39 kile. Mmoja amehesabu zenye injini ya lita 3 zilizotengenezwa kati ya 1962 na 1964. Mwingine ameongeza tatu zenye bodi ya GTO na injini ya lita 4. Mwandishi mzuri anakwambia amehesabu nini. Anayetaja namba bila kueleza ndiye wa kumtilia shaka.

"Toleo la kwanza ndilo bora daima"

Katika riwaya, huenda. Katika vitabu vya rejea, toleo la kwanza ndilo lenye makosa mengi zaidi, kwa sababu wamiliki wa magari huanza kumwandikia mwandishi baada ya kitabu kutoka, si kabla. Historia ya Porsche ya Karl Ludvigsen ilitoka mwaka 1977 ikiwa juzuu moja. Toleo la 2003 lina juzuu tatu. Anayetaka kukagua gari anunue la karibuni. Anayetaka kumiliki kitu cha kihistoria anunue la 1977. Kumlipisha mtu wa kwanza bei ya mtu wa pili ndiyo biashara ya wauzaji wengi.

Kujua umeshika chapa ipi, nenda ukurasa wa hakimiliki. Vitabu vya Uingereza na Marekani mara nyingi huwa na mstari wa tarakimu, 10 9 8 7 na kuendelea hadi 1. Tarakimu ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo namba ya chapa: ikiwa 1 na 2 zimeondolewa, umeshika chapa ya tatu, hata kama juu yake pameachwa maneno ya toleo la kwanza. Vya Kijerumani tafuta neno Auflage (toleo) likiwa na namba mbele yake. Ukiona Nachdruck, kimechapwa upya. Vya Kiitaliano huficha jibu ukurasa wa mwisho kabisa, baada ya maneno finito di stampare (kimemalizika kuchapwa), pamoja na mwezi na mwaka.

ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, nayo inasema kitu. Mfumo wa tarakimu 13 ulianza rasmi Januari 2007; kabla ya hapo zilikuwa 10. Kitabu kinachodaiwa ni cha 1985 kikiwa na ISBN ya tarakimu 13 ndani ya ukurasa wa hakimiliki kimechapwa upya. Angalizo: usihukumu kwa mistari ya msimbopau nyuma ya jalada, maana tarakimu 978, ambazo ISBN za tarakimu 13 mara nyingi huanza nazo, zilikuwa zikitumika pale miaka mingi kabla ya 2007.

"Nakala ni chache na zina namba, bei itapanda tu"

Uchache wa kupangwa na mchapishaji si sawa na uhaba. Uhaba ni pale wanaokitaka wanapozidi nakala zilizopo, na habari zilizomo hazipatikani kwingine. Kitabu cha gari lililotengenezwa kwa wingi, lenye wamiliki maelfu wanaolikarabati, kinaweza kupanda bila namba yoyote ukurasani. Chenye ngozi, kasha na namba 412 kati ya 1,000 kinaweza kukaa miaka kumi palepale. Hatari nyingine ni kuchapwa upya: siku mchapishaji anapotangaza chapa mpya, wote waliokuwa wanatafuta habari tu wanajitoa sokoni, na aliyebaki na nakala ya zamani anawategemea wakusanyaji peke yao. Na ukiuza kwa mfanyabiashara wa vitabu, hatakupa bei unayoiona kwenye orodha yake. Naye ana kodi ya duka.

Ukongwe peke yake nao haulipi. Vitabu vya "magari bora ya dunia" vya miaka ya 1970 na 1980 vilichapwa kwa wingi mno, na leo vinauzwa kwa bei ya chai na vitafunio.

"Brosha na kijitabu cha mwongozo si vitabu"

Hapa ndipo wengi wanapotupa hela. Kijitabu cha mwongozo kilichokaa ndani ya gari, katalogi ya vipuri ya kiwandani, brosha ya maonyesho: hivi vilitumika vikatupwa, na mwenye gari lake anavihitaji viwe vya mwaka uleule, mara nyingine hata vya lugha ya nchi gari lilikouzwa mara ya kwanza. Kijitabu cha kurasa chache kinaweza kuzidi bei ya kitabu kizito cha jalada gumu.

Kwa sababu hiyo vinaigwa sana. Tafuta lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Weka juu ya herufi ndogo nyeusi, siyo juu ya picha. Katika chapa halisi ya ofseti, yaani ya mashine za matbaa, herufi imejaa wino mweusi, kingo zake zimekatika safi. Katika nakala iliyoskaniwa, herufi ileile imejengwa kwa vidoto vya rangi na kingo zinachanua kama zimelowa. Kisha hamia kwenye picha: halisi ina vidoto vilivyojipanga kwa utaratibu, ya kuigwa huonyesha mawimbi, kwa sababu vidoto vya zamani vimepigwa vidoto vipya juu yake. Kwa makaratasi ya kabla ya vita vya pili vya dunia kuna kipimo kingine: tochi ya kukagulia noti bandia. Dawa za kung'arisha karatasi zilienea viwandani karibu na miaka ya 1950. Brosha inayodaiwa ni ya 1935 ikiwaka bluu gizani, mrudishie mwenyewe.

Afrika Mashariki ina sehemu yake hapa. Vitabu vya ratiba vya mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953, ni karatasi za aina hii. Mwaka 1974 Björn Waldegård alimaliza wa pili kwa Porsche 911, nyuma ya Joginder Singh na Mitsubishi Lancer yake. Karatasi za mwaka ule, kwa anayefuatilia historia ya gari fulani, ni ushahidi. Kabati la mzee aliyewahi kusimamia kituo cha ukaguzi wa mbio lisichomwe moto kabla halijapekuliwa.

"Sahihi ikiwemo, kitabu ni sahihi"

Anza na kalenda. Dereva wa mbio Juan Manuel Fangio alifariki 1995, Enzo Ferrari mwanzilishi wa Ferrari Agosti 1988, dereva Stirling Moss Aprili 2020. Sahihi ya Fangio kwenye kitabu kilichochapwa 1998 haihitaji mtaalamu. Enzo alijulikana kwa wino wa zambarau, na waigaji wanalijua hilo pia, kwa hiyo rangi peke yake haithibitishi chochote. Lenzi ileile inasaidia: sahihi iliyochapwa ina vidoto, kalamu ya kweli huacha mfereji wa wino na pengine bonde dogo kwenye karatasi. Sahihi iliyo kwenye kibandiko kilichogundishwa kitabuni, hata ikiwa ya kweli, ina thamani pungufu kuliko iliyo kwenye ukurasa wenyewe.

"Kisitolewe kwenye plastiki yake"

Plastiki iliyokazwa kiwandani huendelea kujikaza kadiri miaka inavyopita, na hupinda majalada yakawa kama sahani. Unyevu uliofungiwa ndani unabaki ndani. Zaidi ya hayo, hujui kama kuna karatasi zilizofungwa kichwa chini au zilizokosekana. Na mashine ya kufunga plastiki upya si siri ya serikali.

Glavu za pamba vilevile ziache. Zinapunguza hisia za vidole na kurasa huchanika; mikono iliyooshwa na kukauka inatosha. Glavu ni za picha halisi za karatasi ya studio.

Kuhusu rafu: kitabu cha kilo 5 au zaidi kilazwe. Kikisimamishwa, rundo la kurasa huning'inia ndani ya jalada na kuvuta gundi ya mgongoni, bawaba ya jalada la mbele ikaanza kupasuka upande wa juu. Lundika viwili au vitatu tu, kikubwa chini. Kikiwa na kasha, usikivute kwa kucha kwenye mgongo; inamisha kasha kiteleze chenyewe kwenye kiganja. Jalada la karatasi livishwe filamu ya poliesta, si nailoni ya PVC inayonata, wala lisiguswe na selotepu.

"Kabati la vioo linatosha"

Ulaya, pengine. Mombasa, Tanga au Zanzibar hewa hukaa juu ya asilimia 70 ya unyevu sehemu kubwa ya mwaka, na kuvu huanza kustawi inapopita 65. Kabati lililobanwa na ukuta wa nje ni chumba cha kuoteshea kuvu. Liache sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, weka kipimo cha unyevu ndani, lenga asilimia 45 hadi 55. Kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, maana hewa ya joto inagonga jalada lililopoa na kuacha umande. Kwa vitabu vichache, kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira na silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) ya kubadili rangi linafaa. Ikibadilika, ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Usishushe unyevu chini ya 40, gundi itakuwa kavu na kukatika.

Ukishuku wadudu, kifunge kitabu kwenye mfuko usiopitisha hewa, kikae kwenye friza ya nyuzi -18 au chini yake kwa wiki mbili. Kikitoka, usifungue mfuko kwa saa 24.

Friza hiyohiyo ndiyo tegemeo bomba likipasuka. Karatasi inayong'aa imepakwa udongo mweupe na gundi. Ikilowa, tabaka hilo linalainika, na kurasa zikikauka zimebanana zinakuwa tofali. Una saa chache tu. Usikianike juani kikiwa kimefungwa. Kama huwezi kutenganisha kurasa zote siku hiyo, kifunge kwenye mfuko na ukigandishe. Kisha kiyeyushe siku yenye nafasi, tenganisha ukurasa mmoja mmoja ungali mbichi, weka karatasi ya kuokea katikati, feni ipulize kwa mbali. Ukilazimisha kurasa zilizokwisha kushikana, rangi ya picha inabanduka na kubaki ukurasa wa pili.