Injini mbili za pampu, shafti moja
Mzee mmoja wa Igombe, hapa Mwanza, anasaga mahindi na dagaa kwa chakula cha kuku. Mashine yake ilikuwa inazimika kila akimimina kwa pupa. Ilivutwa na injini ya pampu ya cc 196, aina ya Honda GX200, hizi zinazomwagilia nyanya mwambao mzima. Karatasi inasema nguvu ya farasi 6.5, ila karatasi haikuandikiwa Mwanza. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini kama hii hupoteza walau sehemu moja ya kumi ya nguvu.

Gerejini nilikuwa na nyingine kama hiyo, pampu yake ilishapasuka. Nikaamua kuziunganisha. Najua, 196 mara mbili ni 392, na injini moja tu ya GX390, yenye silinda moja, ina cc 389, karibu sawa. Lakini silinda moja ya mipigo minne hulipua mara moja kila krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili. Mbili zikipangwa vizuri, kila mzunguko una mlipuko wake, mkanda haushtuki. Halafu nilitaka tu kujaribu, siwafichi.

Usizitazamishe shafti kwa shafti. Kila moja, ukiitazama upande wa shafti, inazunguka kinyume cha saa, zikitazamana zitavutana. Ziweke foleni kama magari yanayosubiri kivuko cha Kamanga, shafti ya injini ya nyuma ielekee flaiwili, lile gurudumu zito la upande wa pili, ya injini ya mbele. Pima shafti kwanza: nyingine ni milimita 19.05, nyingine 20, na kwa macho huoni tofauti. Kamba ya kuwashia ya injini ya mbele niliing'oa. Kipande cha kushika flaiwili nilichongesha chembamba makusudi, maana hewa ya kupoza silinda inaingilia hapohapo. Katikati nikaweka kapulingi ya mpira, yaani kiungo cha shafti, kwa sababu krenki mbili zenye beringi zake hazikai mstari mmoja kikamilifu hata ukiiapisha fremu. Shimu, vibati vyembamba vya kusawazisha, nilikata kwenye kopo la soda.

Nikapanga pistoni zote mbili zifike juu pamoja, nikafunga. Ikawaka mvuto wa tatu, ikatetema mpaka spana zikaanguka mezani. Dakika chache tu, mpira wa kapulingi ukaanza kutoka vipande vyeusi.

Kijana wangu akachomoa plagi. "Fundi, cheche ipo kote."

Ipo, na hapo ndipo tulipodanganyika. Sumaku ya flaiwili hupita kwenye koili kila mzunguko, kwa hiyo plagi inatoa cheche hata pistoni inaposukuma moshi nje. Cheche haikuambii zamu ni ya nani. Fungua vifuniko vya valvu, pistoni zikiwa juu, ushike roka, vikono vinavyosukuma valvu, kwa vidole. Kwenye injini moja zote mbili zicheze kidogo, maana yake valvu zimefunga na mlipuko uko karibu. Kwenye nyingine zibane. Zangu zilicheza kote: cc 392 zilikuwa zinalipuka kwa pamoja.

Dawa ilikuwa kufungua kapulingi, kuzungusha injini moja mzunguko mmoja kamili, na kufunga tena. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Kwa sikio, ni injini nyingine.

Mtetemo wa pistoni kupanda pamoja bado upo. Kuzipishanisha nusu mzunguko kungeupunguza, lakini milipuko ingekuja miwili ya karibukaribu halafu kimya kirefu, na mkanda ungerudia kushtuka. Gavana, kidhibiti cha mwendo, nayo nimeacha moja, inavuta kabureta zote kwa fimbo moja. Mbili zinagombana, mlio unapanda na kushuka.

Wavuvi wameshaniuliza kama inafaa mtumbwini. Nimewakatalia, ule mpira siuamini katikati ya ziwa.

Juzi mzee alimimina kwa pupa ileile. Mlio ulishuka kidogo, ukarudi. Kilichoanza kuteleza sasa ni mkanda, kwa hiyo kesho natafuta puli ya mikanda miwili.