Kolaitisi si gesi

Wiki iliyopita msibani mama mdogo alinikuta nimekaa pembeni, mkono tumboni. Akawageukia wenzake mkekani: "Huyu ana kolaitisi, yaani gesi imemjaa." Akanifungulia soda ya baridi. "Kunywa mwanangu, ucheue, itoke." Alinihurumia kweli, na chupa niliipokea kwa mikono miwili. Lakini hiyo "yaani" nimeisikia mara nyingi mno, kazini, nyumbani, hata dirishani kwenye duka la dawa.

Kolaitisi ni kuvimba kwa ukuta wa ndani wa utumbo mpana. Huweza kuletwa na amiba, na bakteria wa kuhara damu, na damu kutoufikia utumbo vizuri, au, kama kwangu, na kinga ya mwili kuugeukia utumbo wenyewe mpaka ukatoka vidonda. Dalili zake kubwa ni kuharisha, mara nyingi na damu na kamasi, kubanwa na haja kubwa ghafla, tumbo kunyonga na mwili kuchoka. Jina ni la Kigiriki: kolon ni utumbo mpana, na ule mkia wa -itisi hutaja kuvimba, kama kwenye tonsilaitisi. Hewa haimo.

Gesi ina ukoo wake. Neno limetufikia kupitia Kiingereza, lakini aliyelitunga ni Jan Baptist van Helmont, tabibu na mkemia wa karne ya 17 huko iliko Ubelgiji leo, akiligeuza neno la Kigiriki linalotaja vurugu tupu kabla ya ulimwengu kupangika. Alikuwa akitafuta jina la kile kinachotoka kwenye makaa yanayoungua na kwenye kinywaji kinachochacha. Napenda hapo kwenye kuchacha, maana ndicho kinachotokea ndani yetu. Maharage, kunde na kabichi vina sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Zikifika chini, bakteria wa utumbo mpana huzichachusha, hewa ikajaa. Wazee wa pwani huiita riahi, neno la Kiarabu lenye maana ya upepo. Njia ya riahi ni ya chini.

Mbweu ni jambo jingine, na Kiswahili kinalijua hilo kuliko sisi tunaokisema. Kucheua ni kurudisha cha juu. Ng'ombe hucheua majani ambayo hayajafika mbali. Hewa ya mbweu nayo haijafika mbali: nyingi tumeimeza sisi wenyewe, kwa kula haraka, kwa kuongea na tonge mdomoni, kwa kutafuna chingamu, kwa kunywa kwa mrija. Nyingine ilikuwa ndani ya soda. Ile chupa ya mama mdogo ilinitoa mbweu tatu nzito, na watu wakafurahi kwamba gesi inatoka. Iliyotoka ilikuwa ya soda. Soda ya kupikia iliyokorogwa majini hufanya vivyo hivyo: ikikutana na asidi ya tumbo hutengeneza hewa mpya, nayo ndiyo mtu huicheua.

Halafu kuna ile herufi moja. Tumbo na utumbo. Nikisema nina vidonda kwenye utumbo mpana, najibiwa, "Aa, vidonda vya tumbo," na ninaagizwa dawa ya kupunguza asidi. Vidonda vya tumbo viko juu, na mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na dawa za maumivu. Vyangu viko chini na dawa zake ni nyingine. Mtu akizichanganya hizi mbili anaweza kumeza vidonge miezi mingi huku damu inaendelea kutoka chooni.

Sisemi kwamba mgonjwa wa kolaitisi hasumbuliwi na gesi. Anasumbuliwa, pengine kuliko wengi. Mimi maziwa fresh hunivimbisha, mtindi kidogo unanipita salama. Maharage nayaloweka usiku kucha, maji yale namwaga, napika kwa maji mapya na kula vijiko vichache siku ambazo utumbo umetulia. Mbweu zilipungua nilipoacha soda na kuanza kula polepole nimekaa, maana siku za kuharisha nilikuwa nabugia chakula nikihofia choo kitaniita katikati. Vyakula vya mwenzangu huenda si vyangu, hivyo kuandika ulichokula na kilichofuata kunasaidia kuliko orodha ya kuazima.

Ila tumbo likivimba ghafla na kukaza, na homa juu, hewa na choo vikigoma kutoka, usimpe mtu soda wala tangawizi. Hiyo ni hospitali, saa hiyohiyo, kwa sababu utumbo mpana unaweza kuwa umetanuka kwa hatari.

Jioni ile, tulipokuwa tunaosha sufuria, nilimweleza mama mdogo taratibu. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo niwaambieje watu?" Nikamwambia, mama, maneno yako yaache yalivyo, badilisha moja tu. Sema ana kolaitisi, na gesi inamsumbua. Weka "na" pale ulipoweka "yaani".