VO2max 58 au 55? Kuhusu mashine za kubeba zinazopima pumzi

Wakimbiaji wanaofika maabara kwetu siku hizi huja na karatasi mkononi. Walipimwa uwanjani, barakoa usoni, kijimashine kimefungwa kifuani, wakaandikiwa VO2max 58. Miezi miwili baadaye wakapimwa kwa mashine nyingine, wakaandikiwa 55. Swali lao ni moja: nimeshuka? Kwa karatasi hizo mbili peke yake, hakuna anayeweza kukujibu.

VO2max ni kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili wako unaweza kutumia kwa dakika, kikihesabiwa kwa mililita kwa kila kilo ya uzito. Mashine haioni kinachotendeka ndani ya misuli. Inasimama mdomoni na kupima hewa inayopita ni kiasi gani, na oksijeni iliyobaki ndani yake ni asilimia ngapi. Hewa tunayovuta ina oksijeni 20.93%. Anayekimbia kwa nguvu zote hutoa pumzi yenye kama 17%. Hesabu nzima inategemea pengo hilo, ambalo halifiki hata 4. Kihisi cha oksijeni kikikosea kwa 0.1 tu, jibu la mwisho linapotoka kwa karibu 3%, na mtu wa 60 anaandikiwa 58 au 62. Hapo hatujagusa kosa la kupima wingi wa hewa, wala mwili wenyewe, ambao hupanda na kushuka kwa asilimia kadhaa kati ya siku na siku. Pointi tatu zilizomnyima mkimbiaji usingizi huenda hazikutoka miguuni mwake.

Kupima watu nje ya maabara si jambo jipya. Mjerumani Nathan Zuntz alikuwa na kifaa cha kubebwa mgongoni tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1911 Mwingereza C. G. Douglas akaeleza mfuko mkubwa wa kukusanyia pumzi, na hadi leo mfuko huo ndio hakimu: mashine mpya hulinganishwa nao. Nazo mashine za kubeba zina kazi zake. Wanariadha 16 waliopimwa wakati wa maandalizi ya jaribio la mwaka 2017 la kukimbia marathoni chini ya saa mbili walipimwa pia nje, uwanjani, kwa kasi ya kilomita 21.1 kwa saa. Kazi kama hiyo huwezi kuifanya kwa mashine iliyofungwa ukutani.

Kinachoziharibu sana ni mahali. Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, ipo kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni kama robo tatu ya ule wa Mombasa. Asilimia ya oksijeni ni ile ile 20.93, ila hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo kila lita inayopimwa lazima irekebishwe. Mashine nyingi za sasa zina kipimo cha mgandamizo ndani yake. Ile inayotaka uandike kwa mkono, ukisahau kubadilisha namba ya Mombasa, itamzidishia mwanariadha wa Iten theluthi nzima, naye atashangilia. Pwani nako kuna unyevunyevu na joto. Mvuke ukijikusanya kwenye mrija wa sampuli, ule unaopeleka pumzi kwenye kihisi, namba huanza kutambaa polepole na hakuna taa nyekundu itakayowaka.

Kwa hiyo kabla ya kuvaa barakoa, tazama mpimaji anafanya nini. Anapaswa kusukuma hewa kwa bomba la lita 3 ili kuhakiki kipimo cha wingi, kisha kuipa mashine gesi ya mtungi ambayo mchanganyiko wake unajulikana. Muuza nyama mizani yake inahakikiwa. Na hii nayo ni mizani. Mtungi ukiwa umeachwa ofisini "kwa sababu ni mzito", ahirisha. Barakoa nayo ibane vizuri, maana pumzi inayovuja pembeni haihesabiwi. Wenye ndevu nyingi wananielewa.

Baadhi ya mashine ndogo hazina kihisi cha kabonidioksaidi. Hizo zinaweza kukadiria VO2max, lakini karatasi yake ikikuambia unachoma mafuta kiasi gani na wanga kiasi gani, hapo ni kubuni, kwa sababu mgawanyo huo hutokana na kulinganisha gesi zote mbili. Saa ya mkononi ndiyo haipimi pumzi kabisa. Inakisia kwa mapigo ya moyo na kasi.

Uliza pia namba ya juu imepatikanaje. Mkimbiaji anayehema mara 60 kwa dakika ana sekunde moja kwa kila pumzi, na kihisi kinachochelewa kidogo huchanganya pumzi hii na ile. Pumzi moja iliyoruka juu si VO2max. Wastani wa sekunde 30 ndio wa kuandikwa.

Sisi kila Jumatatu fundi wetu hupanda baiskeli ya mazoezi na kuendesha kwa wati 100. Mtu wa kilo 70 kwa kazi hiyo hutumia kama lita 1.5 za oksijeni kwa dakika, awe bingwa au asiwe. Wiki moja mashine ilisoma 1.9. Tulitafuta kosa hadi saa nane mchana, na waliokuwa na miadi ya asubuhi walirudi nyumbani bila kupimwa.