Dawa ya kusukuma chakula tumboni: maswali ya dirishani pa duka la dawa

Nikila usiku napata kiungulia na tumbo linajaa. Nimeze dawa gani?

Hapo una mambo mawili. Kiungulia ni asidi ya tumbo kupanda kwenye umio, mrija wa chakula, na kuunguza kifua. Kushiba kwa tonge chache, kucheua na kichefuchefu mara nyingi ni chakula kukawia kushuka. Asidi hutulizwa na vidonge vya kutafuna vya magnesiamu, au hupunguzwa na omeprazoli, inayomezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Wengi huimeza wakishashiba, halafu wanasema haifanyi kazi.

Domperidoni na metoklopramidi kazi yake ni nyingine: huhimiza misuli ya tumbo isukume chakula kwenda chini, na hutuliza kutapika. Asidi haziipunguzi. Kama shida yako ni kiungulia tu, usianze nazo.

Domperidoni humezwaje?

Mtu mzima humeza kidonge cha miligramu 10, kisichozidi mara 3 kwa siku, dakika 15 hadi 30 kabla ya chakula. Isipite wiki moja bila daktari. Ulaya waliweka mipaka hiyo mwaka 2014 kwa sababu dawa hii inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa kwa waliozidi miaka 60 na wanaozidisha kipimo.

Mbona mfamasia aliniuliza kama natumia dawa ya fangasi? Mimi naumwa tumbo!

Alikuuliza swali zuri kuliko yote. Flukonazoli ya fangasi na antibayotiki kama erithromisini huzuia ini kuivunja domperidoni, ikarundikana mwilini. Zenyewe pia zinagusa mapigo ya moyo. Na ndizo dawa ambazo mtu hununua siku hiyohiyo, duka hilohilo.

Ni kweli metoklopramidi inapindisha shingo?

Kweli, ingawa si kwa kila mtu. Dawa hii huingia hadi kwenye ubongo, na watoto na vijana ndio huathirika zaidi, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili za mwanzo. Shingo inapinda upande, macho yanakodoa juu, ulimi unatoka nje, na mgonjwa anakusikia vizuri kabisa. Nyumbani watu wanasema ni mashetani, anatafutwa wa kumwombea. Chukua pakiti ya dawa, mpeleke hospitali. Wakijua alichomeza, sindano moja kwa kawaida huilegeza misuli ndani ya dakika chache. Asiimeze tena.

Hata asiyepatwa na hayo asipitishe siku 5. Wanaoitumia kwa miezi wanaweza kubaki na midomo inayotafunatafuna bila kutaka, hata baada ya kuiacha.

Lini niache kununua dawa niende hospitali?

Chakula kikikwama ukimeza, ukikonda bila sababu, ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami. Na kama hicho unachokiita kiungulia kinabana kifua, kinashuka mkononi na jasho linakutoka, nenda sasa hivi. Huenda ni moyo.