Kushika upanga kwenye makali: dhana potofu na ukweli

“Ukishika makali utajikata vidole.” Kila kundi jipya la wanafunzi wa upanga linakuja na dhana hii, na wengine wanairudia hata baada ya kuonyeshwa. Ni bahati mbaya, maana bila mbinu hii upanga mrefu wa Ulaya wa karne ya 15 haufundishiki kwa mapambano ya karibu. Walimu wa upanga wa wakati huo, Fiore dei Liberi wa Italia na Hans Talhoffer wa Ujerumani, waliifundisha. Katika michoro ya Talhoffer ya 1467 wapo wanaoushika kwa mikono mitupu.

Makali hukata yanapoburuzwa au yanapogonga. Yakitulia mkononi hayakati kirahisi. Mkono wa kulia ubaki kwenye mpini, wa kushoto ushike katikati ya upanga. Zibane pande bapa kati ya kiganja na ncha za vidole, makali yasikandamize mikunjo ya vidole. Halafu kaza kwelikweli! Anayejikata ni anayeshika kwa woga: mpinzani akivuta, upanga unateleza, vidole vinaumia. Mkono wenye jasho nao huteleza, kwa hiyo vaa glavu ya ngozi. Mazoezini ni upanga butu tu, hata uwe hodari vipi.

Faida yake? Mtu aliyevaa deraya ya mabamba ya chuma hakatiki kwa upanga, na dhana kwamba upanga hupasua deraya naomba tuiache kabisa. Ukishika katikati, ncha haiyumbi. Unaielekeza kwenye mianya: kwapani, ndani ya kiwiko, kinenani, nyuma ya goti, tundu la macho. Ukisukuma kwa mpini peke yake, ncha inateleza juu ya chuma.

Eti panga hizi zilikuwa na kilo 5 au 10? Nyingi zilikuwa kati ya kilo 1 na 1.8.

Eti mieleka si sehemu ya mapigano ya upanga? Panga zikikutana karibu na mipini, usirudi nyuma utafute nafasi ya kufyeka. Ukiinua mikono tu, umeshachomwa. Ingia. Mguu wa kushoto nje ya mguu wake wa kulia, mkono wa kushoto ukamate mpini wake katikati ya mikono yake, kisha mpige usoni kwa kitako cha mpini wako. Wengi hutanguliza mkono kabla ya mguu. Mkono ukinyooka peke yake, mwili ukiwa bado mbali, anaukata.