Fotoni tisa? Ngoja kwanza

Nimesoma tena kwamba fotoni (chembe ya mwanga) isiyofikisha nishati ya kuionisha atomu, yaani kuing'olea elektroni, haing'oi kitu, mwanga uwe mkali namna gani. Kwa balbu, sawa. Kwa leza ya mipigo ya femtosekunde (sekunde 10⁻¹⁵), si kweli: fotoni kadhaa zinaweza kufyonzwa pamoja. Maria Göppert-Mayer alikokotoa ufyonzaji wa fotoni mbili kwa pamoja mwaka 1931, na Voronov na Delone wakaionisha gesi ya zenoni hivyo kwa leza ya rubi mwaka 1965.

Tena kufyonza fotoni nyingi si ngazi ya kupanda na kupumzika. Haidrojeni haina hali yoyote ya nishati kati ya ile ya chini kabisa na eV 10.2 juu yake (eV, elektronivolti, ni kipimo cha nishati). Fotoni ya nanomita 800 ina eV 1.55, ikimezwa peke yake, elektroni haina pa kukaa. Kwa kukadiria, "kituo" hicho cha njiani hudumu chini ya femtosekunde 0.1.

Kinachoniudhi zaidi ni kugawanya: eV 13.6 za kuionisha haidrojeni kwa 1.55 ni 8.8, basi fotoni 9, basi kasi ya kuionisha hufuata ukali wa mwanga kwa kipeo cha 9, kazi imeisha. Haijaisha! Uga wa leza huitikisa elektroni iliyo huru, na nishati ya mtikisiko huo huongezwa kwenye kizingiti, yaani nishati ya chini ya kuionisha. Fotoni 9 zina ziada ya eV 0.35 tu. Ukali ukifika takriban wati 6×10¹² kwa sentimita ya mraba, ziada imeliwa yote: sasa zinahitajika 10. Njiani, hali za juu za atomu zinazosogea pamoja na kizingiti huweza kuangukia sawasawa kwenye idadi kamili ya fotoni, na grafu yako ya ioni dhidi ya ukali ikaota nundu.

Ongeza ukali zaidi, atomu za katikati ya fokasi (pale miali inapokutana) zitaisha, zote zimeshakuwa ioni. Ioni zitaendelea kuongezeka kwa sababu eneo lenye ukali wa kutosha linapanuka, kwa kipeo cha 3/2. Ukiipima sehemu hiyo ya mteremko, hujahesabu fotoni. Umepima umbo la fokasi.

Na ukali wenyewe tunaujua kwa kubahatisha kuliko tunavyokiri. Ukikosea kwa asilimia 20, kipeo cha 9 kinakupa kasi iliyokosewa mara 5. Karibu na wati 10¹⁴ kwa sentimita ya mraba, kigezo cha Keldysh (namba inayotenganisha njia mbili za kuionisha) kwa haidrojeni ni takriban 1: ni kufyonza fotoni nyingi, au elektroni kupenya kizuizi cha nishati kinachoishikilia? Hapo majina yote mawili yanapwaya, na mimi hutumia lile linalorahisisha hesabu ya siku hiyo.